Miaka minne kwenye herufi A: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi asiyesema

Mwanafunzi ana miaka 12. Ana mtindio wa ubongo uliogusa mikono na miguu yote, hasemi, na hukaa kwenye kiti cha magurudumu chenye mikanda ya kifua. Masikio yake yamepimwa na kukutwa mazima. Anaona, ingawa macho huchelewa kutulia juu ya kitu. Jalada lake lina ripoti za miaka minne, na lengo la kusoma katika zote ni lilelile: atatambua herufi A kwa usahihi wa asilimia 80. Kila mwisho wa mwaka mtu ameandika "hajafikia", kisha lengo likanakiliwa kwenye fomu ya mwaka unaofuata.

Kisa hiki si wasifu wa mtoto mmoja. Nimekishona kutokana na mambo yanayojirudia katika madarasa ya wanafunzi wenye ulemavu mkubwa, na mwanafunzi wake nitamwita Binti. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba Binti hakukwama kwenye herufi A. Kilichokwama ni ufundishaji uliomtaka athibitishe kwanza kwamba anaweza kusoma, ndipo apewe vitu ambavyo watu wengine wote hujifunzia kusoma.

Somo lilivyokuwa

Kwa dakika ishirini kila asubuhi, mwalimu msaidizi alishika mkono wa Binti na kuupitisha juu ya nukta zilizochora A. Baada ya hapo zilikuja kadi mbili, A na M, zikiinuliwa mbele ya uso wake. "Niangalizie A." Akiangalia upande wa A, tiki. Akiangalia kwingine, mkasi. Matokeo yalizunguka kwenye tano kati ya kumi.

Tano kati ya kumi kwa kadi mbili ni sawa na kurusha sarafu. Takwimu hiyo haisemi kwamba Binti hajui A, wala haisemi kwamba anaijua. Zaidi ya hapo, hakuna aliyewahi kukubaliana naye kwamba kuangalia kitu ndiyo kujibu. Akiangalia A kwanza, kisha M, kisha uso wa mwalimu, jibu ni lipi? Mmoja wa wasaidizi alihesabu mtazamo wa kwanza, mwingine wa mwisho. Jalada zima la miaka minne limesimama juu ya kipimo ambacho wapimaji wenyewe hawakukisoma kwa namna moja.

Hata kipimo kingekuwa sahihi, somo lenyewe lilikuwa na kasoro. Herufi moja haina kazi. Huwezi kuandika kwa A tupu, huwezi kuilinganisha na sauti nyingine, wala huwezi kuona kwa nini mtu mzima anajali kama unaijua. Mtoto asiye na ulemavu hukutana na herufi zote kwa pamoja, kwenye majina, vitabu na mabango, na huzizoea zote kwa mkupuo akizichanganya na kuzitofautisha. Binti alipewa moja, akaambiwa nyingine zitakuja akifaulu.

Lawama isiwaangukie walimu peke yao. Taaluma yenyewe kwa muda mrefu iliwapa kidogo cha kushika. Mwaka 2006 Diane Browder na wenzake walipitia tafiti 128 za kufundisha kusoma kwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, na nyingi zilihusu kukariri maneno kwa sura yake: hatari, choo, toka. Kuunganisha herufi na sauti kulikuwa pembeni, na kuelewa matini vilevile. Baadaye picha ilianza kubadilika. Mwaka 2014 Jill Allor na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi wenye viwango vya akili vilivyo chini ya wastani waliofundishwa kusoma kwa mpango kamili wa sauti, maneno na uelewa kwa muda uliofika miaka minne. Walipiga hatua ya maana, ila taratibu. Hao hawakuwa na hali kama ya Binti, na ni vizuri kulisema hilo. Lakini utafiti huo unaonyesha kwamba kasi ndogo haimaanishi mlango umefungwa.

Neno lililojirudia kwenye mikutano ya Binti lilikuwa "hayuko tayari". Mwaka 1984 Anne Donnellan alitoa kanuni inayofaa hapa: pale ambapo hatuna ushahidi kamili, tushike dhana ambayo ikigeuka kuwa na makosa itamdhuru mwanafunzi kwa kiasi kidogo zaidi. Tukimfundisha Binti kusoma na kumbe hawezi, atakuwa amesomewa vitabu vingi na kuzungumzishwa kila siku. Tukikataa kumfundisha na kumbe anaweza, tumemnyima kusoma, na pia njia pekee ambayo mtu asiyesema anaweza kusema jambo lolote analotaka, hata lile ambalo hakuna aliyemwekea picha yake.

Maswali manne ya kuanzia

Karen Erickson na David Koppenhaver, ambao wamefanya kazi hii kwa miongo kadhaa nchini Marekani, wanapendekeza kuuliza mambo manne kabla ya kuamua mwanafunzi aanzie wapi. Je, anajua herufi nyingi kwa mara nyingi? Anavutiwa na kushiriki mtu anapomsomea kitabu? Ana njia ya kuwasiliana? Anaelewa kwamba kuandika kunahusu herufi na maneno? Akiwa na "ndiyo" nne, anaingia kwenye mafunzo ya kawaida ya kusoma na kuandika. Akikosa hata moja, anahitaji kwanza mazingira ya kujenga misingi, kila siku, na kwa vitendo vyote kwa pamoja.

Kwa Binti majibu yalikuwa hapana, kidogo, hapana, na hatujui. Hapo timu nyingi huteleza. Zinasikia "misingi" na kurudi kwenye kupanga vitufe kwa rangi na kubandika pamba kwenye karatasi. Misingi ya kusoma hujengwa kwa vitabu na kwa herufi. Kupanga vitufe kunamfundisha mtu kupanga vitufe.

Timu iliyomchukua Binti ilikuwa na mwalimu mpya, msaidizi yuleyule, mtaalamu wa tiba ya usemi aliyefika mara chache kwa mwezi, na mama. Jambo la kwanza walilolifanya halikuonekana kama somo. Walitafuta "ndiyo". Mama alisema hana haja ya kutafuta: mtoto akikubali jambo huinua macho juu, akikataa hugeuza kichwa kushoto, na nyumbani wote wanajua. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza. Likabandikwa tangazo nyuma ya kiti: macho juu ni ndiyo, kichwa kushoto ni hapana, uliza kisha subiri.

Ubao wa maneno, na tatizo la vitenzi

Kwa mazungumzo ya kila siku walitaka ubao wa maneno ya msingi, yaani machache yanayotumika kila mahali. Kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill kilitoa orodha ya maneno 36 ya aina hiyo, na timu ikaichukua kama mfano. Ilipotafsiriwa moja kwa moja, ilizaa ubao wenye "mimi", "taka", "enda", "si". Mtu anayeutumia hivyo anajenga "mimi taka enda", lugha ambayo hakuna anayeizungumza nyumbani kwake wala anayeiandika kitabuni. Kiingereza hupanga maneno mafupi yanayosimama peke yake. Kiswahili hufunga mtendaji, wakati na kitenzi ndani ya neno moja.

Walichoamua, nami nakiunga mkono, ni kuanza na maneno mazima kama yanavyosemwa: nataka, sitaki, twende, bado, tena, basi, wapi, nani, yangu, nisaidie. Baadaye kitenzi kitakatwa vipande, ni-, u-, a-, na-, li-, ta-, pale Binti atakapokuwa ameona mara nyingi "nataka" ikibadilika kuwa "anataka" na "tunataka" kitabuni. Kikubwa zaidi kilikuwa kwamba watu wazima nao waliutumia ubao walipozungumza naye, wakigusa "tena" waliposema tena. Mtoto anayesema husikia maneno kwa karibu mwaka mzima kabla ya kutamka lake la kwanza. Haieleweki kwa nini mtoto wa ubao ategemewe kuutumia siku anapokabidhiwa, bila kumwona mtu mwingine akifanya hivyo.

Kalamu

Huu ndio moyo wa kisa. Binti hakuwahi kuwa na kalamu. Mkono ulioshikwa na mtu mwingine na kupitishwa juu ya nukta si mkono unaoandika. Anayefundishwa kusoma bila kalamu anasikiliza tu. Hana pa kujaribu, na mwalimu hana pa kuona anachofikiri.

Kwa mtu asiyeweza kushika kitu, kalamu ni njia yoyote inayompa uchaguzi wa herufi zote. Kwa wengine ni kibodi, kwa wengine fremu ya plastiki angavu yenye herufi pembeni, ambapo mwandishi huangalia herufi na msomaji humtazama macho kutoka upande wa pili. Macho ya Binti hayakutulia kiasi hicho. Alichoweza ni kuinua macho kwa wakati wake, kwa hiyo walichagua kuorodhesha: mtu mzima anataja, yeye anakubali.

Ukitaja herufi moja moja kutoka A hadi Z, utamchosha. Timu ilitoa Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji, zikabaki 24. Kisha walizipanga kwa mistari mitano, kila mmoja ukianza na irabu:

A B C D
E F G H
I J K L M N
O P R S T
U V W Y Z

Chini yake uliwekwa mstari wa sita: nafasi, futa, nimemaliza. Mtu mzima anauliza, "Mstari wa kwanza? Wa pili? Wa tatu?" Macho yakiinuka, anaingia ndani ya mstari na kutaja herufi. Neno "mvua" kwa kutaja herufi moja moja linahitaji maswali 55. Kwa mistari ni 23, na huwa machache zaidi kwa neno lenye A nyingi. Na kwa kuwa silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwenye irabu, kuziweka irabu mlangoni mwa kila mstari kunapunguza safari kwa karibu kila silabi. Huu ni mpangilio wa karatasi moja na kalamu ya wino mzito. Hauhitaji umeme.

Hapo msaidizi alikuwa na pingamizi la haki. "Hajui A, tunampaje zote 24?" Jibu ni kwamba mtoto aliyeshika mkaa na kuchora ukutani hakuulizwa kwanza anajua herufi ngapi. Alichora vikorokoro, watu wakavichukulia kuwa barua, na humo akajifunza barua ni nini. Vikorokoro vya Binti vingekuwa herufi zisizo na mpangilio, na alikuwa anatudai miaka kumi ya vikorokoro.

Utaratibu ulikuwa mfupi. Kila siku Binti alichagua picha moja kati ya nne: mama, mvua, paka, mpira. Kisha aliandika juu yake. Hakunakili, hakusahihishwa, na hakuambiwa aandike nini. Alipomaliza, mwalimu alisoma kilichoandikwa kama ujumbe, "Nimeona umeweka M na A kwenye picha ya mama", akaiandika tarehe na kuihifadhi.

Kitabu na sauti

Usomaji wa pamoja ulibadilika kwa jambo dogo. Awali kila ukurasa ulikuja na maswali: hii rangi gani, huyu nani, wako wangapi. Binti hakuwa na njia ya kujibu hata moja. Sasa mwalimu alitoa maoni kwanza, akigusa ubao, "Kubwa! Sitaki hiyo", kisha akanyamaza. Kunyamaza ndiko kuligharimu. Mtu mzima anapoona mtoto hajibu, sekunde tatu humtosha kuhisi ameshindwa, akaanza kurudia swali kwa sauti ya juu zaidi. Binti alihitaji muda mrefu zaidi ili tu mwili wake ukubaliane na alichotaka kufanya. Kila swali lililorudiwa lilimrudisha mwanzo.

Herufi zilifundishwa moja kwa siku, si moja kwa mwaka. Zikiisha, mzunguko ulianza upya, na zile za jina lake na za wenzake zilipewa muda zaidi. Sauti zilikuja na silabi, ba be bi bo bu, kama ilivyo kwenye darasa lolote la Kiswahili, isipokuwa kwamba Binti hawezi kuimba silabi kwa sauti. Aliambiwa aziseme kichwani wakati mwalimu anazitamka polepole, kisha aonyeshe neno kati ya manne: bata, pata, bati, kata. Kwa chaguo nne bahati hushuka hadi robo. Na kwa kuwa maneno yanafanana, kosa lake linazungumza. Anayechagua "bati" mahali pa "bata" amesikia silabi ya kwanza, kwa hiyo mwalimu anajua aendelee wapi.

Kadi iliyobandikwa ukutani

Katikati ya mwaka ilitokea kadi nzuri iliyoandikwa NAMPENDA MWALIMU WANGU, ikiwa na jina la Binti chini. Ilibandikwa ukutani. Msaidizi aliyekuwa naye alikiri bila shida kwamba alimsaidia kidogo kwa kumshika kiwiko na kuuelekeza mkono wake kwenye kibodi. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka mtoto aonekane.

Kadi ilitolewa, na nadhani huo ulikuwa uamuzi muhimu kuliko yote ya mwaka ule. Sentensi iliyotokea kwa mkono ulioelekezwa ni ya aliyeelekeza. Njia ya kumshika mtu mkono au kiwiko ili "aandike" imepimwa mara nyingi kwa kumwonyesha msaidizi kitu kimoja na mwandishi kitu kingine, na kilichoandikwa kikawa kile alichokiona msaidizi. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani, ASHA, kilitoa tamko la kutotumia njia hiyo, na tamko lingine juu ya njia ya vidokezo vya haraka ambapo msaidizi hushikilia ubao wa herufi. Hasara yake inapita aibu ya wataalamu. Mtoto aliyewekewa maneno mdomoni hapewi tena nafasi ya kutoa yake, maana kila mtu anaamini ameshazungumza.

Timu ilijiuliza pia kama njia yao ya mistari ilikuwa safi. Haikuwa safi kabisa. Anayetaja herufi anaweza kupandisha sauti bila kujua anapofika kwenye ile anayoitegemea, au kusita kidogo hapo. Walikubaliana mwendo uwe mmoja kwa kila herufi na kila alichochagua kiandikwe hata kikiwa hakina maana. Mara kwa mara anayetaja alipaswa kuwa mtu asiyejua Binti amechagua picha gani. Siku hizo uandishi wake ulidorora kiasi, lakini haukupotea. Ushahidi huo una uzito kuliko kadi kumi za ukutani.

Alichoandika

Wiki za kwanza zilitoa AEIOU AEI OUA. Chumba kilishangilia kwamba anajua irabu! Mtaalamu wa usemi ndiye aliyewatuliza: Binti alikuwa anainua macho mara tu mstari unapoanza kutajwa, na kila mstari unaanza na irabu. Alikuwa anajifunza lini ainue macho. Ndiyo maana mimi siamini sampuli moja, na simwamini mtu anayeileta.

Baadaye herufi za katikati ya mistari zikaanza kutokea, bila mpangilio: MKIAJ, GNUW. Halafu M ikaanza kurudi siku za picha ya mama na kutoonekana siku za paka. Mwanzoni mwa mwaka wa pili picha ya mama ilipata MAA, mvua ikapata MVA, na mpira ukapata PIA. Tazama hiyo ya mwisho. Irabu zote mbili ziko mahali pake na P imesikika. M ya mwanzo, isiyo na irabu ya kuibeba, imeachwa, na R imeliwa. Hizi si bahati. Ni tahajia ya mtu anayesikiliza silabi na kuzitafutia herufi, na ilimwonyesha mwalimu kitu mahsusi cha kufundisha wiki iliyofuata: maneno yanayoanza na M iliyo peke yake, mtu, mti, mkono, mpira.

Ukirudi kwenye maswali manne, Binti sasa ana herufi nyingi, ana njia ya kuwasiliana, anakataa kitabu kifungwe kabla ya mwisho, na anajua maandishi ni herufi. Ameingia kwenye mafunzo ya kawaida. Bado hasomi aya peke yake na kuielewa, na kuandika sentensi fupi kunamla muda ambao darasa halina. Mama ameuliza kuhusu kompyuta inayofuata macho. Timu imesema ijaribiwe, kwa sharti kwamba ubao wa karatasi hautaondolewa, maana mashine hukorofisha, jua la dirishani huitatiza, na macho ya Binti huchoka mchana. Uandishi umehamishiwa asubuhi.

Hofu iliyobaki ni ya makabidhiano. Mwaka ujao mwalimu mwingine atampokea, na majalada yana desturi ya kurudi yalikotoka. Kwa hiyo wamemwachia video fupi ya mtu akitaja mistari kwa mwendo sahihi, ubao wenyewe, sampuli zote zenye tarehe pamoja na zile zisizo na maana, na ukurasa mmoja unaoeleza ndiyo yake, hapana yake, na muda wa kusubiri. Msaidizi aliyetengeneza kadi ndiye aliyeuandika ukurasa huo, na ndiye atakayemfundisha mwalimu mpya kutaja.